Utambulisho wa Taifa na wa Jimbo kwa Makada wa Mrengo wa Kushoto: Jibu kwa Msomaji

Msomaji anayeandaa tasnifu ya shahada ya uzamili ameuliza hivi: "Katika kusoma habari za vyama vya mrengo wa kushoto barani Ulaya, nimekuta makada wengi wa Catalonia (Hispania), Scotland (Uingereza) na Wallonia (Ubelgiji) wanaojitambulisha kwanza kwa eneo lao, na kwa nchi yao baadaye au wasijitambulishe nayo kabisa. Mimi nilifundishwa kwamba ujamaa hauna mipaka. Je, makada hao wameacha ujamaa, au wanachanganya mambo mawili yasiyochanganyika? Na nitaupimaje utambulisho wao katika utafiti wangu?"

Ndugu msomaji, kada hawi amewaacha wafanyakazi wenzake kwa sababu tu anajiita Mkatalani au Mskoti. Utambulisho wa mwanachama wa kawaida unaweza kubaki kuwa hisia ya moyoni, lakini wa kada hujengwa na kazi ya chama yenyewe: ngazi anayopigania madaraka, watu anaowajibika kwao, mpinzani anayekabiliana naye kila siku, na lugha inayotumika mkutanoni. Anaposema "sisi", mara nyingi anawataja watu aliogoma nao, aliogawa nao vipeperushi, na aliowaomba kura. Ukianzia hapo, utaona kwamba swali la iwapo mtu ni mjamaa au mzalendo halikupeleki mbali. Swali lenye manufaa ni hili: chama chake kilimweka katika uwanja gani wa mapambano, na uwanja huo ulimfundisha kumwona nani kuwa mwenzake?

Kabla ya kwenda mbali, angalia maneno yako. Neno "taifa" katika Kiswahili tunalitumia kwa nchi yenye dola na vilevile kwa watu wenye lugha na historia moja hata kama hawana dola. Mtafiti asiyetenganisha maana hizo mbili atamuuliza kada wa Barcelona kuhusu "taifa" lake na kupata jibu ambalo hajui linahusu Hispania au Catalonia. Tatizo hili si la Kiswahili pekee. Katiba ya Hispania ya mwaka 1978, katika kifungu cha 2, inasisitiza taifa moja la Hispania lisilogawanyika, na papo hapo inatambua haki ya kujitawala ya jamii za kitaifa na majimbo yaliyomo ndani yake, bila kutaja jamii ipi ni ya kitaifa na eneo lipi ni jimbo tu. Walioiandika waliacha jambo hilo wazi, na makada wa kushoto wameishi ndani ya uwazi huo hadi leo.

Swali lako pia si jipya. Wanademokrasia ya kijamii wa Austria walikutana nalo zaidi ya miaka 100 iliyopita, katika dola iliyokuwa na Wajerumani, Wacheki, Wapolandi, Waitaliano na wengineo. Mwaka 1897 walikipanga chama chao kuwa shirikisho la vyama vya mataifa hayo, na mwaka 1899, katika mkutano mkuu wa mji wa Brünn, ambao leo ni Brno, walidai kwamba Austria nzima iwe shirikisho la kidemokrasia la mataifa. Mwaka 1907 Otto Bauer, mwananadharia wa chama hicho, alichapisha kazi yake kubwa kuhusu suala la mataifa, akiliona taifa kuwa jamii ya watu waliofinyangwa na hatima moja, na akitaraji kwamba ujamaa ungewaingiza wafanyakazi katika utamaduni wa taifa ambao hadi wakati huo ulikuwa mali ya wachache. Hata hivyo Wacheki walitaka vyama vyao vya wafanyakazi visiwe chini ya Vienna. Mkutano wa kimataifa wa wajamaa uliofanyika Copenhagen mwaka 1910 uliwapinga, nao hawakurudi nyuma, na kufikia mwaka 1911 umoja wa chama kizima ulikuwa umevunjika. Kilichowagawa zaidi kilikuwa suala la nani atunze ada za wanachama na nani aamue mgomo uanze lini. Naomba uikumbuke Austria kila unapokutana na mgogoro unaoitwa wa utambulisho, kwa maana mara nyingi ukichimba chini yake utakuta mgogoro wa mamlaka ndani ya chama.

Catalonia ndiyo inayostahili nafasi kubwa zaidi katika tasnifu yako. Chama cha PSUC kilizaliwa Julai 1936, siku chache tu baada ya uasi wa majenerali ulioanzisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, kwa kuunganisha vyama vinne vya kijamaa na vya kikomunisti vya eneo hilo. Kilikuwa chama cha kikomunisti chenye uongozi wake, tofauti na Chama cha Kikomunisti cha Hispania ingawa kilishirikiana nacho kwa karibu. Chini ya utawala wa dikteta Franco kilifanya kazi kwa siri, na katika miaka ya 1950 na 1960 kilikabiliwa na mabadiliko makubwa ya jamii: wafanyakazi wengi mno walikuwa wakihamia viwanda vya Barcelona na vitongoji vyake kutoka Andalusia, Murcia, Extremadura na kwingineko. Hawakuzungumza Kikatalani. Iwapo uzalendo wa Kikatalani ungebaki kuwa jambo la wenye maduka na wasomi, na harakati za wafanyakazi zikawa jambo la wahamiaji wazungumzao Kihispania, tabaka la wafanyakazi lingegawanyika kwa lugha, na Franco angefaidika.

Makada wa PSUC waliliona hilo mapema. Walisisitiza kwamba Catalonia ina watu wamoja, na kwamba aishiye na kufanya kazi pale ni mwana wa pale. Baraza la Catalonia, lililoundwa kwa siri Novemba 1971 na kuwaunganisha wakomunisti, wajamaa, Wakatoliki na wazalendo, lilidai kwa pamoja uhuru, msamaha kwa wafungwa wa kisiasa, na kurejeshwa kwa sheria ya madaraka ya eneo. Hivyo msamiati wa kijimbo na wa kitabaka ulitamkwa kwa kinywa kimoja, mara nyingi na mtu aliyezaliwa mbali. Matunda yake yalionekana hata baada ya Franco. Katika mji wa wafanyakazi wa Santa Coloma de Gramenet, wazazi ambao wengi wao walikuwa wahamiaji wazungumzao Kihispania walidai wao wenyewe watoto wao wasomeshwe kwa Kikatalani, na mwaka 1983 mpango huo ukaanza huko. Wazazi wale hawakuwa wakiikana asili yao. Walikataa watoto wao wafungiwe nje ya lugha ya mamlaka na ya ajira nzuri, na ninaamini hapo ndipo utambulisho wa jimbo na maslahi ya tabaka vilikutana kwa namna iliyo safi kuliko mahali pengine popote ninapopajua.

Wajamaa nao walifuata njia yao. Chama cha PSC kilichopo leo kiliundwa Julai 1978 kwa kuunganisha vyama viwili vya kijamaa vya Kikatalani na tawi la Catalonia la PSOE, chama cha kijamaa cha Hispania kilichoasisiwa mwaka 1879. Kisheria PSC ni chama kamili kilicho katika ushirika na PSOE, na hadi mwaka 1982 kilikuwa na kundi lake la wabunge mjini Madrid. Ndani yake walikaa pamoja wasomi wazungumzao Kikatalani na makada wa vitongoji wenye asili ya Andalusia. Mtu anayeibeba historia hiyo vizuri ni José Montilla, aliyezaliwa Iznájar katika mkoa wa Córdoba mwaka 1955, akahamia Catalonia katika ujana wake, na kuwa rais wa serikali ya Catalonia kuanzia 2006 hadi 2010, wa kwanza katika zama hizi aliyezaliwa nje ya eneo hilo. Juni 2010 Mahakama ya Katiba ilipofuta na kupunguza sehemu za sheria ya madaraka ya mwaka 2006, Montilla alishiriki maandamano makubwa ya Barcelona ya kuipinga hukumu hiyo. Ukimwuliza mtu wa namna hiyo achague kati ya Andalusia, Catalonia na Hispania, utakuwa umemwuliza swali ambalo maisha yake yote ni jibu la kulikataa.

Hata hivyo nisikupambie picha. Mara tu kura ya kujitenga ilipokuwa ajenda kuu, PSC ilichanika. Februari 2013 karibu wabunge wake wote mjini Madrid walipiga kura tofauti na PSOE ili kuunga mkono mashauriano kuhusu haki ya Wakatalani ya kuamua mustakabali wao. Januari 2014 chama hichohicho kilipinga, katika bunge la Catalonia, ombi la mamlaka ya kuitisha kura hiyo, na wabunge wake watatu wakavunja msimamo wa chama. Makada kadhaa wenye uzalendo mkubwa wa Kikatalani waliondoka. Kwa upande wa pili, chama cha ERC, kilichoasisiwa Machi 1931 na ambacho kiongozi wake Lluís Companys alipigwa risasi na utawala wa Franco mwezi Oktoba 1940, kilikuwa na miongo ya kumbukumbu inayomwezesha kada wake kudai jamhuri na uhuru wa Catalonia kwa pumzi moja bila kuona mgongano wowote. Wote hawa ni watu wa kushoto. Kinachowatenganisha ni chama walichokulia, na kila chama kilimfundisha mtu wake maana yake ya neno "sisi".

Kutoka Catalonia nenda Wallonia, eneo la Ubelgiji la wazungumzao Kifaransa, kwa kuwa huko utambulisho wa jimbo uliibuka ndani ya mgomo. Mwishoni mwa mwaka 1960 serikali ya Ubelgiji ilileta sheria ya kubana matumizi, na mgomo mkubwa ukafuata hadi Januari 1961. Wafanyakazi wa Flanders, eneo la wazungumzao Kiholanzi, pia waligoma, hasa katika miji ya Antwerpen na Gent, lakini nguvu ya mgomo ilikuwa katika maeneo ya makaa ya mawe na chuma ya Wallonia, na uongozi wa kitaifa wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi uligawanyika kuhusu kuuitisha. André Renard, kiongozi wa wafanyakazi wa chuma wa Liège, alihitimisha kwamba wafanyakazi wa Wallonia hawataweza kuubadilisha uchumi maadamu maamuzi yanafanywa katika nchi ambayo wengi wake wana siasa tofauti. Mwaka 1961 akaanzisha vuguvugu la watu wa Wallonia lililodai mambo mawili kwa pamoja: shirikisho, na mageuzi ya muundo wa uchumi. Renard hakuanza na lugha wala mila. Alianza na kiwanda, na kiwanda kikampeleka kwenye jimbo.

Mwaka 1978 chama cha kijamaa cha Ubelgiji kiligawanyika kuwa viwili, kimoja cha wazungumzao Kifaransa na kingine cha wazungumzao Kiholanzi. Tangu wakati huo kada kijana wa Liège anaweza kumaliza maisha yake ya siasa bila kukaa katika kikao kimoja na mwenzake wa Gent. Ila kipo chama kingine cha kushoto, PTB kwa Kifaransa au PVDA kwa Kiholanzi, kilichokataa kugawanyika na kinachoendesha shughuli zake nchi nzima kwa lugha zote mbili. Kwa mtafiti hii ni bahati kubwa: wafanyakazi wa nchi moja, matatizo yanayofanana, miundo miwili tofauti ya vyama. Ningekuwa wewe, ningefikiria kuifanya Ubelgiji kuwa kiini cha tasnifu.

Scotland inafundisha jambo la tatu, nalo ni kwamba makada hubadilika bila hisia zao za asili kubadilika sana. Keir Hardie na wenzake walipoanzisha chama cha siasa cha wafanyakazi wa Scotland mwaka 1888, madaraka ya ndani yalikuwa katika mpango wao. Baadaye, vita na ujenzi wa taasisi za ustawi baada ya 1945 viliwashawishi makada wa Labour, chama kikuu cha mrengo wa kushoto cha Uingereza, kwamba mipango ya uchumi na huduma za afya vinahitaji dola moja yenye nguvu. Mwaka 1974 kamati kuu ya Labour huko Scotland iliyakataa mapendekezo ya bunge la ndani, na uongozi wa London ndio uliolazimisha jambo hilo lirudishwe katika mkutano maalumu wa Agosti mjini Glasgow. Makada wale walijiona Waskoti kamili, tena kwa fahari, lakini hawakuona kwa nini Uskoti wao uhitaji bunge.

Kilichowageuza ni utawala wa Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza kutoka chama cha kihafidhina cha Conservative. Katika uchaguzi wa 1987 Labour ilipata viti 50 kati ya 72 vya Scotland, Conservative wakapata 10, na bado Conservative wakatawala. Kodi ya kichwa ilianza kutozwa Scotland Aprili 1989, mwaka mmoja kabla ya England na Wales. Siku chache kabla ya hapo, wabunge wote wa Labour wa Scotland isipokuwa Tam Dalyell walikuwa wametia saini tamko la kwamba watu wa Scotland wana haki ya kuamua mfumo wa serikali unaowafaa. Katika kura ya Septemba 1997 asilimia 74.3 walikubali bunge. Lakini mwaka 2014, uhuru kamili ulipopigiwa kura, Labour ilisimama upande wa Muungano, yaani wa kubaki ndani ya Uingereza, pamoja na Conservative. Waliokataa uhuru walishinda kwa asilimia 55.3, ila Glasgow, ngome ya wafanyakazi, ilisema ndiyo kwa asilimia 53.5. Mwaka uliofuata Labour ilipoteza viti 40 kati ya 41 vyake vya Scotland. Nimesoma maelezo mengi yanayodai kwamba wapiga kura hao walihama kutoka tabaka kwenda taifa. Naona maelezo hayo ni mepesi mno, kwa kuwa wengi wao waliona kwamba wamebaki palepale, na chama ndicho kilichohama.

Nakuongezea mfano mmoja wa Ujerumani, kwa ufupi. Chama cha PDS, mrithi wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, kilipata asilimia 2.4 tu ya kura katika uchaguzi wa nchi nzima wa Desemba 1990, lakini takriban asilimia 11 upande wa mashariki. Kikawa sauti ya watu waliopoteza ajira na heshima baada ya muungano, hadi mwaka 2007 kilipoungana na wajamaa wa magharibi na kuzaa chama cha Die Linke. Mwaka 2014 Bodo Ramelow wa chama hicho alikuwa waziri mkuu wa jimbo la Thuringia. Alizaliwa magharibi, na alikwenda mashariki kama mtendaji wa chama cha wafanyakazi baada ya ukuta kuanguka. Mlinganishe na Montilla: wote wawili walipata uenyeji kwa kazi waliyoifanya pamoja na wenyeji.

Sasa nije kwenye wasiwasi ulio ndani ya swali lako, kwa kuwa ni wasiwasi wa haki. Kuna mahali ambapo utambulisho wa jimbo na mshikamano wa wafanyakazi hugongana kweli, nako ni kwenye kodi. Catalonia ni miongoni mwa maeneo tajiri ya Hispania. Extremadura na Andalusia si hivyo. Agosti 2024 Salvador Illa wa PSC alipata urais wa Catalonia kwa kura za ERC baada ya makubaliano ya mfumo maalumu wa fedha, ambao ungelipatia eneo hilo mamlaka makubwa zaidi ya kukusanya kodi zake. Viongozi wa PSOE wa majimbo mengine, hasa wa Castilla-La Mancha, waliupinga hadharani. Kada wa Barcelona atakuambia kwamba shule na hospitali za vitongoji vyake hazipati fedha za kutosha, na hasemi uongo. Kada wa Badajoz, mji wa Extremadura, atakuuliza ni nani atalipia zake, naye hasemi uongo. Kwa maoni yangu, jimbo linapodaiwa kama uwanja wa demokrasia, kada wa kushoto yuko nyumbani. Jimbo linapodaiwa kama mfuko wa kufungwa ili jirani maskini asiuguse, ameshaanza kutoka, hata kama bado anaimba nyimbo zilezile. Haki ya wafanyakazi wa Badajoz haipungui kwa sababu hawana lugha ya pekee ya kuitetea.

Kuhusu kupima, utakutana na kipimo kinachohusishwa na wanasayansi ya jamii Juan Linz na Luis Moreno, kilichopata umaarufu kuanzia miaka ya 1980 katika tafiti za Hispania na Scotland. Mhojiwa huchagua moja kati ya majibu matano: Mhispania tu, Mhispania zaidi kuliko Mkatalani, vyote sawasawa, Mkatalani zaidi, au Mkatalani tu. Kitumie, kwa kuwa kitakuwezesha kulinganisha na wapiga kura wa kawaida, lakini usikitegemee peke yake. Kinachukulia kwamba utambulisho ni mizani yenye sahani mbili, ambapo kimoja kikipanda kingine hushuka, ilhali makada wana sahani ya tatu, ya tabaka au ya chama, ambayo kipimo hakiioni. Kada mkomunisti akichagua "vyote sawasawa", huenda anamaanisha kwamba anavithamini vyote viwili, au kwamba vyote viwili havimgusi.

Kwa hiyo uliza kuhusu matendo. Ada yake inakwenda ofisi ipi kwanza, na ni ngazi ipi inayopitisha majina ya wagombea? Kumbukumbu za vikao vya tawi huandikwa kwa lugha gani, na nani hukaa kimya lugha hiyo inapotumika? Makao makuu na uongozi wa jimbo walipotofautiana mara ya mwisho, yeye alifuata upande gani? Oktoba 2016 wabunge wa PSOE waliagizwa wajizuie kupiga kura ili Mariano Rajoy, kiongozi wa chama cha mrengo wa kulia, aunde serikali, na wabunge wote saba wa PSC wakapiga kura ya hapana. Tukio kama hilo linakueleza zaidi kuliko majibu mia ya dodoso. Kisha mwulize swali la kodi bila kumzungusha: yuko tayari kiasi gani cha fedha za eneo lake kiende kwa eneo maskini, na kwa masharti gani?

Mwisho, usiwahoji walio ndani tu. Watafute walioondoka PSC baada ya 2014, walioondoka Labour baada ya kura ya uhuru, na wale wa mashariki waliochoka na Die Linke. Waombe wakusimulie siku waliyorudisha kadi, na usiwaulize habari ya utambulisho mpaka walitaje neno hilo wao wenyewe.